Kijana Aliyechipua Asumini

Kijijini kwetu, chini ya milima ya Amani upande wa Muheza, kila mtu ni bingwa wa zao fulani na hakuna anayetambuliwa. Nane Nane ya kanda yetu inafanyika Morogoro, na ukitaka kupeleka fenesi la maana huko, nauli ya basi inazidi bei ya fenesi lenyewe. Ndipo kina mama wa kikundi cha kuweka na kukopa wakasema basi, tufanye ya kwetu. Maonyesho ya maua na mazao, uwanja wa shule ya msingi, mgeni rasmi aalikwe, zawadi majembe na vitenge.

Wakatafutwa watu wa kujitolea. Kujitolea huku kwetu maana yake ni kwamba Bi Mwenyekiti amekuona ukipita. Mimi niliponzwa na mwandiko. Nikakabidhiwa maka peni na manila niandike vibao vya meza nzima: machungwa, iliki, mdalasini, pilipili manga, viazi vikuu, na mafuta ya nazi chupa mbili za mama mmoja ambaye hakutaka hata zishikwe.

Kibao kilichonitoa jasho kilikuwa cha katibu wetu, mwalimu mstaafu. Alileta kopo lenye ua dogo la zambarau, lile linaloota kwenye mawe ya misitu ya huko juu. "Hili liko madirishani mwa Wazungu dunia nzima, na kwao ni hapa," akaniambia. Kisha akaanza kusoma imla. Mwaka 1892, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani hapa Tanga, alipeleka mbegu zake kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata wataalamu wakaliita Saintpaulia. Mwalimu alitaka yaandikwe yote, na chini yake maelekezo ya matunzo, kwa herufi kubwa. Nikamwambia, mwalimu, mgeni rasmi anakuja kutazama, haji kufanya mtihani. Akasema andika.

Fenesi nalo lilifika jioni hiyo, la mzee mmoja ambaye huwa hasalimii watu msimu wa mafenesi. Lilikuja juu ya bodaboda, mwenyewe akifuata nyuma kwa miguu, maana nafasi ilikuwa ya abiria mmoja.

Wenye maua walikuwa na kesi yao. Asumini huchumwa alasiri ingali tumba, ikafunguka jioni. Mgeni rasmi anakuja saa tatu asubuhi, wakati ambao asumini ya jana imeshachoka. Wakabishana mpaka wakakumbushana madeni ya kikundi. Mwisho wakakubaliana zichumwe zikiwa tumba kabisa, zitandazwe kwenye nyungo juu ya kanga zilizolowa, na vikuba vifungwe alfajiri pamoja na mrehani. Nyungo zikapangwa sakafuni darasa la nne, kando ya meza ya vibao ambavyo wino wake ulikuwa haujakauka.

Umeme ukakatika. Tukatoka barazani kunywa chai ya rangi na mihogo ya kukaanga. Ndani akaachwa mlinzi, mpwa wake Bi Mwenyekiti, kijana mrefu aliyekuja kutoka mjini kwa likizo ambayo hakuna aliyejua inaisha lini.

Mtoto aliyekulia huku anajua kwamba fenesi hulitii kisu kabla hujapaka mafuta kisu chenyewe na mikono yako miwili. Ule ulimbo wake ndio ambao watoto wanategea ndege. Lakini huyu alikulia mahali ambapo fenesi linauzwa limeshachambuliwa, limepangwa kwenye sahani, muuzaji anakufukuzia na nzi.

Yaliyotokea gizani tuliyaunga baadaye kutokana na ushahidi. Alilitoboa kwa nyuma, ubavu unaotazama ukuta, akaingiza mkono mpaka kiwiko. Alikula vizuri. Ulimbo ulipomkamata akajifuta kwenye fulana, fulana ikakamata. Akajifuta kichwani. Hapo Bi Mwenyekiti akakohoa barazani, kijana akaruka kwa hofu, akajikwaa kwenye dawati, akaanguka chali juu ya meza ya vibao, akabiringika, akamalizikia kwenye nyungo.

Umeme uliporudi tulimkuta amekaa wima kwenye dawati la mbele, amefumba macho, anakoroma. Alikuwa amechipua. Asumini nywele nzima, asumini mikononi mpaka mabegani, tumba mbili zimekaa sawasawa kwenye nyusi, na kwa joto la mwili zilikuwa zimeanza kufunguka. Ananukia kama bibi harusi.

"We mtoto," akasema Bi Mwenyekiti, "umelala saa ngapi?"

"Zamani, shangazi." Midomo ilifunguka upande mmoja tu.

Mtu akapendekeza mafuta ya taa. Kina mama wa vikuba wakapiga kelele: harufu ile ikiingia darasani, kazi yote imeharibika. Macho yote yakageukia chupa za mafuta ya nazi. Mwenye chupa akazikumbatia.

"Haya ni ya mashindano. Nazi nimekuna mwenyewe mpaka mkono umevimba. Mnyoeni!"

"Shangazi, nywele hapana," kijana akalia.

Ilichukua muda. Yule mama alitaka alipwe, kikundi hakina fungu la dharura ya fenesi, mwekahazina akaanza kutafuta daftari. Hatimaye akakubali kutoa nusu chupa kwa sharti moja: nimwandikie kibao kisemacho "Hii ilikuwa imejaa." Nikaandika. Kijana akapakwa, akachambuliwa tumba moja moja na kina mama wanne wakimtukana kwa zamu, naye muda wote mgongo kaubandika ukutani. Tulidhani ni aibu. Alipoambiwa aondoke akatoka kinyumenyume.

Huku mwalimu anatafuta kibao chake. Alitafuta chini ya madawati, alitafuta kwenye mihogo. Mwisho akaamua kwamba sikukiandika kabisa, kwamba vijana wa siku hizi historia hawaitaki. Nikamwandikia kingine kifupi, akakipokea bila kuniangalia.

Asubuhi kila wa kujitolea alitakiwa kuvaa fulana yake ya kijani, na kila mtu alikuwa nayo moja tu. Mzee alikuwa ameshaona tundu. Alilitazama kwa muda mrefu, akalifunika kwa jani la mgomba, akasema shindano linaendelea. Mgeni rasmi akashuka garini, na kwa kuwa kijana ndiye mrefu kuliko wote, akapangiwa kumtangulia mgeni kumwonyesha njia.

Wakaenda hatua chache. Mgeni rasmi akapunguza mwendo, akavaa miwani. Akasoma kwa sauti, mgongoni mwa kijana:

"Asili yake Usambara. Hupenda kivuli. Halivumilii jua la mchana. Usilimwagie maji kwenye majani."

"Ndivyo alivyo, mheshimiwa," akasema Bi Mwenyekiti. "Tangu mdogo."

Mwalimu akanijia kunishika mkono, machozi yanamlenga. Sijui alikuwa anafurahia kibao kimepatikana au historia imesomwa.

Ikaja zamu ya mizani. Fenesi la mzee likashindwa kwa kilo mbili na la jirani yake, mtu ambaye mwaka mzima hajawahi kumshinda hata kwenye bao. Mzee akasimama. Akasema hizo kilo mbili zinajulikana zilipo, akamnyooshea kijana bakora, akadai apandishwe mizani pamoja na fenesi.

Bwana shamba akamjibu kwa upole kwamba, mzee wangu, kanuni inataka zao liletwe likiwa zima.

"Ni zima," mzee akasema. "Ila liko sehemu mbili."