Wenzetu wanaambiwa mapema, sisi tunaambiwa mzigo ukishakamatwa

Jamani mi nimekulia Kigogo hapohapo Dar, mvua zikipiga Msimbazi ukafurika basi kesho yake watoto wote tuko bondeni na ndoo tunasaka kambale kwenye madimbwi, hakuna aliyewahi kutuuliza kibali, samaki ni wa aliyemuwahi. Sasa nina miaka sita huku Uingereza, kuna siku nikachukua fimbo ya kuvulia nikaenda bwawa moja karibu na ninapokaa, nikapata watatu nikawatia ndooni. Mzee mmoja akaja akaniuliza leseni iko wapi na nani kakuruhusu kuondoka nao. Nikajua ubaguzi huo, kumbe wala.

Huku England ukivua samaki wa maji baridi kwa fimbo kuanzia miaka 13 lazima uwe na leseni, wa 13 mpaka 16 wanapewa bure ila lazima wawe nayo, ukikutwa huna faini inaweza kufika pauni 2,500. Na leseni haikupi bwawa, bwawa lina mwenyewe, ukiondoka na samaki wake bila ruhusa ni kosa limo kwenye sheria ya wizi ya 1968 kabisa. Wengi wanavua halafu wanarudisha, wanalowesha mikono kwanza wasimtoe ule utelezi, wanachomoa ndoano polepole wanamwachia majini. Nilivyomsimulia mjomba wangu anayeuza samaki Feri akaniuliza, "Mjomba, sasa kama hawali wanamvua wa nini?" Hilo hata mi bado halijaniingia, samaki ni mboga.

Ila yule mzee hakuniita mwizi. Alinipeleka getini akanionyesha kibao, kimeandikwa mwenye bwawa ni nani, unalipia wapi, samaki gani haondoki, nilikipita tu sijakisoma. Samaki nikawarudisha, leseni nikakata kwenye simu palepale.

Nyumbani sheria tunazo, ipo ya uvuvi ya 2003 na kanuni zake, sato chini ya sentimita 25 haruhusiwi na naunga mkono asilimia mia maana ukimvua hajazaa ziwa tunalimaliza wenyewe. 2018 si mnakumbuka mpaka sato wa kantini ya bunge Dodoma walipimwa kwa rula, samaki keshapikwa! Shangazi yangu alikuwa anashusha sato wa Mwanza kwenye maboksi ya barafu, siku moja maafisa wa uvuvi wakapima wakakuta wengine wana 22, 23, mzigo wote ukaenda na mtaji wa mkopo wa vikoba ukaenda nao, na yeye sio aliyevua wala hakuna aliyewahi kumwambia hiyo namba. Alilia wiki nzima, mi niko huku natuma hela ya rejesho.

Kwa nini tusipige mstari wa sentimita 25 kwa rangi kwenye kila meza ya sato, kuanzia mialoni kule Mwanza mpaka masoko ya Dar, mvuvi aone, dalali aone, mama anayenunua aone kabla hajatoa hela? Kopo la rangi ni bei gani jamani.