Plagi haikazwi kama nati ya tairi la lori

Kinachonikera katika kutengeneza injini nyumbani si kazi yenyewe, ni mikono iliyonitangulia. Plagi ya milimita 14, ile inayotoa cheche ya kuwasha mafuta, kwenye hedi ya aluminiamu (kifuniko cha juu cha injini) unaiingiza kwa vidole mpaka ikae, kisha spana inaongeza kidogo tu. Lakini kuna mafundi wanaikaza kama nati ya tairi la lori! Miaka ikipita, chuma na aluminiamu vinashikana, na siku ya kubadilisha anayetoka jasho ni mwingine kabisa.

Eksozi ndiyo balaa. Bolti zake zinaungua kila siku, zinashika kutu, na kwetu huku Pwani chumvi inamalizia. Halafu unakuta kichwa kimeshaliwa na spana ya saizi isiyo yake: pembe sita zimekuwa duara, soketi inazunguka bure. Hapo unamwagia mafuta ya kulegeza kutu, unasubiri usiku kucha, unaipasha moto nati, unaipeleka mbele na kuirudisha nyuma taratibu. Ukilazimisha, bolti inakatikia ndani, na kuitoboa kwa drili bila kuharibu thredi (mikato ya kuzungushia bolti) ni mateso.

Jamani mafundi, saizi sahihi ya spana mnayo kwenye boksi. Itumieni!