Hewa nayo ni maada, mpe mtoto bomba la sindano aone

Juzi usiku mwanangu wa darasa la nne alikuwa anakariri, maada ni kitu chochote chenye uzito na kinachochukua nafasi, kairudia kama mara kumi hivi bila kukosea hata neno. Nikamuuliza haya, hewa ni maada? Akajibu haraka haraka, "Hapana mama, hewa si haionekani." Na daftari limejaa tiki.

Mi simlaumu mwalimu mwenye watoto mia na kitu darasani, ila jamani tunaanzia mwisho. Tunampa mtoto yabisi, kimiminika, gesi kabla hajashika chochote, halafu akifika sekondari mada ileile inarudi kwa Kiingereza na anaiona mpya kabisa.

Nilikuwa na bomba la sindano, lile la kumnyweshea mdogo wake dawa, sindano yenyewe haina. Nikamwambia vuta hewa, ziba mdomo kwa dole gumba, sukuma. Likaingia karibu nusu, alipoachia likarudi lenyewe. Haya vuta maji, ziba, sukuma. Wapi! Kasukuma mpaka mkono unatetemeka, maji hayasogei. Akanyamaza, akarudia na hewa kama mara sita, halafu akasema "kwa hiyo humu ndani kuna kitu kinanisukuma". Hapo ndo nikamwambia habari za chembe, kwamba za hewa zimeachana mbalimbali kwa hiyo zinabanika, za maji zimeshasogeleana hazina pa kwenda. Dakika 5 tu, neno gesi likapata pa kukaa.

Na vifaa tunavyo majumbani. Sisi wa Tanga mwezi wa saba asubuhi mafuta ya nazi yameganda kwenye chupa mpaka uyaanike juani, maana yanayeyuka kwenye digrii kama 24, yaani kitu kilekile mtoto anakiona yabisi saa 12 asubuhi na saa 5 kimiminika. Kule Njombe kwa sababu ya mwinuko maji yanachemka kwenye digrii 93 hivi, ndo maana maharage hayaivi upesi, lakini mtoto wa kule naye anakaririshwa 100 bila kuambiwa kuwa hiyo ni ya huku pwani, na hii inaniuma kweli.

Jana kaniuliza, moto je? Nikamwambia joto na mwanga si maada, ila kwenye ule mwali kuna gesi inayowaka, na gesi ni maada. Kabisha. Leo tunawasha mshumaa.