Beki wa futiboli ya Kimarekani: mwili kwanza au jicho kwanza?

Mwaka 2013 Waafrika wawili waliingia NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, bila kukulia kwenye mchezo huo. Daniel Adongo, kijana wa Nairobi, alikuwa mcheza raga aliyekwisha kupita Afrika Kusini na New Zealand. Indianapolis Colts wakamsajili akiwa hajawahi kucheza mechi hata moja ya futiboli. Ezekiel Ansah wa Accra alikwenda kusoma Utah, akajaribu mpira wa kikapu, akajaribu riadha, na mwaka 2010 ndipo akavaa helmeti kwa mara ya kwanza. Detroit Lions wakamchukua kwenye drafti, zamu ya kila mwaka ambapo timu huchagua wachezaji wapya, wa tano kati ya wote.

Kwa umbo ungesema mtu na pacha wake: urefu kama mita 1.96, uzito karibu kilo 120, na mbio za kukufanya usahau kilo hizo. Adongo alicheza mechi chache, zaidi kwenye kikosi maalumu kinachokimbilia mipira iliyopigwa mbali. Majeraha yakamwandama, na 2015 akaachwa. Msimu wa mwaka huohuo Ansah aliwaangusha makwotabeki, yaani warusha pasi wanaoongoza mashambulizi, mara 14.5 kabla hawajaachia mpira. (Hiyo nusu si kosa la uchapaji. Wawili wakimwangusha pamoja, wanagawana.)

Kisa hiki kila mtu anakivutia kwake. Anayeamini mwili anamtaja Ansah: mpe kocha jitu lenye mbio, mengine atalifundisha. Anayeamini jicho anamtaja Adongo: misuli bila kuusoma mchezo ni mzigo. Mimi nadhani wote wawili wanaruka swali la kwanza, nalo ni alikuwa amesimama wapi. Ansah aliwekwa mwisho wa mstari wa mbele. Adongo aliwekwa lainibeka wa pembeni. Asiyezoea mchezo ataona ni hatua mbili tatu tu kati yao, lakini kwa kazi wanayofanya ni kama fundi bomba na mwalimu mkuu.

Walinzi ni 11. Mbele kabisa wanainama watatu au wanne, mkono ukigusa nyasi: wa katikati ni wazito wa kuziba njia, wa mwisho huku na huku ni wakimbizaji wa kwotabeki. Nyuma yao wanasimama malainibeka, ambao kwa aliyelelewa na soka ni namba sita, viungo wakabaji. Pembeni wapo mabeki wanaokaba wapokeaji, na nyuma ya wote mabeki wa mwisho wawili, wanaouona uwanja mzima mbele yao.

Upande wa mwili una hoja nzito, na uzito wenyewe unapimika. Jordan Davis alipopimwa mwaka 2022 huko Indianapolis, kwenye vipimo vya NFL kabla ya drafti, alikuwa na kilo zipatazo 154, akakimbia yadi 40, yaani mita 36 na ushee, kwa sekunde 4.78. Hakuna kocha anayefundisha hilo. Unazaliwa nalo au huzaliwi nalo. Philadelphia Eagles walimchukua ili asimame katikati na kuwashughulisha wazuiaji wawili wa wapinzani, wale wanaomlinda kwotabeki, kwa mpigo, mwenzake wa nyuma apite huru. Kwenye takwimu kazi hiyo haionekani sana, ndiyo maana mashabiki humsahau mtu wa namna hiyo mpaka siku anapoumia.

Faida yake ilionekana Februari 2025 kwenye Super Bowl, fainali ya NFL, New Orleans. Eagles waliwafunga Kansas City Chiefs 40-22, na kwotabeki wao Patrick Mahomes akaangushwa mara sita. Karibu usiku mzima Eagles walituma wale wanne wa mbele peke yao. Wanne wakitosha kumfikia kwotabeki, saba wanabaki nyuma kukaba wapokeaji watano, na kwa hesabu hiyo hata beki wa kawaida anaonekana bingwa. Sisi tuliokuwa macho saa nane na nusu usiku kuisubiri mechi tulidhani tutaona mchuano. Kufika mapumziko, 24-0, wengine walikuwa wamekwisha kurudi kulala.

Sasa twende upande wa jicho, na hapo nina jaribio moja, yaani shambulizi moja tangu mpira unapotoka hadi unaposimama, ambalo nimelirudia kuliangalia mara nisizozihesabu. Tarehe 1 Februari 2015, Super Bowl, Glendale, Arizona. New England Patriots wanaongoza 28-24, zimebaki sekunde 26, na Seattle Seahawks wako yadi moja tu kutoka kufunga. Upande wa kulia Seattle wanapanga wapokeaji wawili, mmoja nyuma ya mwingine: Jermaine Kearse mbele, Ricardo Lockette nyuma. Mkabala nao yupo Brandon Browner, na hatua chache nyuma Malcolm Butler, chipukizi ambaye hakuna timu iliyomtaka kwenye drafti. Hila ya mpango huo ni kwamba Kearse asukume mbele na kumzibia njia Butler, Lockette akate kuelekea ndani na kupokea mpira bila bughudha.

Butler alikuwa ameiona hila hiyo mazoezini wiki ileile, na ilimshinda. Alipita nyuma ya mzuiaji, akachelewa, mpira ukapokewa. Safari hii, mara tu mpira ulipotoka, hakuzunguka mtu. Alikata moja kwa moja kwenda pale mpira unapoelekea, akafika na Lockette kwa wakati mmoja, akaunyakua. Mechi ikaishia hapo. Kwa beki mwenye urefu wa mita 1.80 tu, lilikuwa ni jicho tupu, na kumbukumbu.

Lakini rudisha picha umwangalie Browner. Urefu mita 1.93, mikono mirefu, na mwaka uliotangulia alikuwa mali ya Seattle hao hao. Mpira ulipotoka alimkamata Kearse kifuani na kumgandisha palepale. Kearse hakusogea. Angemsukuma Browner hatua moja tu nyuma, Butler angekutana na ukuta na jicho lake lisingemsaidia kitu. Wanaolitumia jaribio hili kama ushahidi wa akili juu ya mwili wanamfuta Browner kwenye picha, na si haki.

Wakati huo makocha wengi walikuwa wakitafuta mabeki wa pembeni warefu, kwa sababu Seattle waliochukua Super Bowl ya Februari 2014 kwa 43-8 walikuwa na Richard Sherman wa mita 1.91 pembeni na Kam Chancellor wa urefu huohuo nyuma. Walioiga waliiga futi kamba. Walichosahau ni kwamba Sherman aliingia chuoni Stanford kama mpokeaji, kwa hiyo alizijua njia za wapokeaji kutoka ndani ya nyumba. Na kwamba beki wa mwisho aliyekuwa akifunika makosa ya wote, Earl Thomas, alikuwa na mita 1.78. Sheria nayo inawabana wenye nguvu. Tangu 1978 beki haruhusiwi kumgusa mpokeaji baada ya yadi tano za kwanza, hivyo ubabe una nafasi finyu. Zikipita yadi hizo, kinachobaki ni miguu na kubashiri.

Je, hata pale mbele mwili unatosha? Vernon Gholston alichaguliwa wa sita mwaka 2008 na New York Jets kwa mwili ambao kila mpimaji aliusifu. Misimu mitatu, hajamwangusha kwotabeki hata mmoja. Aaron Donald alionekana mfupi kwa mtu wa katikati, mita 1.85, na timu 12 zikachagua wengine kabla yake mwaka 2014. Akaja kuwa mlinzi bora wa mwaka mara tatu. Hata hivyo sikubali anapotajwa kama ushindi wa akili. Donald alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.68 akiwa na kilo karibu 129. Mwili wake ulikuwa wa ajabu. Futi kamba ndiyo iliyokosea.

Anayebaki ni lainibeka, na hapa ndipo ubishi unakuwa mgumu kweli. Huyu ana nusu sekunde ya kuamua: ni mbio au ni pasi? Kwotabeki akimwekea danganya toto, akajifanya anampa mkimbiaji mpira, hatua moja ya pupa mbele inafungua uwazi nyuma yake. Akisubiri kuhakikisha, mzuiaji wa kilo 140 ameshamfikia. Luke Kuechly wa Carolina Panthers alikuwa akisoma mpangilio wa wapinzani na kuwapigia kelele wenzake jaribio linalokuja, kabla mpira haujatoka. Alikuwa mlinzi bora wa mwaka 2013, msimu wake wa pili. Januari 2020 akastaafu akiwa na miaka 28, baada ya mitikisiko ya ubongo iliyojirudia. Jicho bora kuliko yote niliyoyaona katika nafasi hiyo, na ni mwili uliolifunga.

Ndiyo maana namtetea Adongo. Mkimbizaji wa mbele anapewa amri moja: mfikie yule. Lainibeka wa pembeni jaribio hili anakimbiza, linalofuata anarudi nyuma kukaba, la tatu anazuia mbio zisitoke pembeni, na kila moja lina dalili zake ambazo wenzake walianza kuzisoma wakiwa sekondari. Raga ilimpa Adongo mwili na ujasiri wa kukaba, lakini dalili hizo haikumpa.

Aprili 2023 NFL walileta kambi yao Nairobi kusaka vipaji vya Afrika. Kambi za aina hii hupima urefu, uzito, kuruka na yadi 40, vitu vinavyopimika kwa siku mbili tatu. Sina ugomvi na hilo. Kijana wa raga wa kilo 115 mwenye mbio akipatikana Kakamega au Kampala, na mimi nikiwa na sauti, ningeomba jambo moja: aanzie mwisho wa mstari wa mbele, mkono chini, na asipewe unamba sita mpaka awe ameangalia video za misimu miwili.