Keki iliyokandwa dakika kumi

Kabla hamjanihukumu mjue kwamba mapishi yenyewe yaliandikwa "rahisi sana, hata mtoto anaweza", na mtoto tulikuwa naye, mdogo wangu wa kiume, ndo alikuwa msomaji. Mi mikono imejaa siagi siwezi kugusa simu, kwa hiyo tukagawana kazi, yeye anasoma mi natenda, na kama kuna uchunguzi wowote utafanyika naomba uanzie hapo kwa msomaji.

Ilikuwa bethidei ya mama, yeye katoka, sisi tukasema tumpige saprais. Keki tuliyoichagua kwa kweli ndo keki nzuri kuliko zote kwa mtu ambaye hajawahi kuoka, ile ya uzani sawa. Unapima mayai yako na maganda yake, manne yanakuja gramu 200 na ushee, basi siagi gramu 200, sukari 200, unga 200, beking pauda vijiko viwili vya chai, umemaliza. Hamna habari ya vikombe, na vikombe ndo vinaponza watu wengi jamani, maana kikombe kilekile cha unga ukimimina taratibu kwa kijiko kinabeba gramu 120 hivi, ukikichovya kwenye mfuko na kushindilia kinaweza kufika 150, sasa hesabu vikombe vitatu alafu ujiulize kwa nini keki ya jirani laini ya kwako tofali.

Tulianza vizuri, hili nalisema hata mbele ya mahakama. Siagi nilikuwa nshaitoa kwenye friji mapema ikalainika, nikaipiga na sukari kwa mwiko mpaka ikapauka kabisa, mkono umekufa ganzi lakini sikuacha, kwa sababu zile chembe za sukari ndo zinachimba vijishimo vya hewa ndani ya siagi na hewa hiyo ndo itakuja kuinua keki. Mayai nikaweka moja moja. La tatu likataka kunikatisha mchanganyiko, unajua ule muda unaona mafuta huku maji kule, nikatia kijiko cha unga ukarudi sawa. Nikajiona fundi.

Hapo ndo simu ikaleta tangazo la magodoro.

Mdogo wangu akabonyeza ile alama ya kufunga. Ile alama, kama unavyojua, haifungi kitu, inakufungulia godoro lenyewe. Akarudi nyuma, akabonyeza tena, akarudi nyuma zaidi, akaangukia sehemu ya "mapishi mengine utakayoyapenda", akafungua la kwanza lililokuja. Meza ya mbao ileile, aproni nyeupe ileile, maandishi yaleyale. Yeye akashuka mpaka pale alipokumbuka tumeishia, akakohoa kidogo, akaendelea.

"Haya dada, unga gramu 500."

"Mia tano? Si ulisema mia mbili?"

"Wameandika mia tano."

"Mbona mwanzo mia mbili?"

Akafikiri. "Labda ile mia mbili ni ya kupaka kwenye chombo isishike."

Sasa hebu niambieni, chombo gani kinapakwa unga gramu mia mbili? Lakini mtu wa kuanza unabishana na nani, maandishi yapo, mizani ipo, unga upo. Nikamwaga.

"Beking pauda je?"

"Hapa hamna. Kuna hamira gramu 7, chumvi kijiko cha chai, na maji ya uvuguvugu mililita 300. Wamesema maji yasiwe ya moto, hamira itakufa."

Hilo la maji ni kweli bana, hamira ni kitu hai, ukiimwagia maji yanayokuunguza kidole umeizika. Nikapima uvuguvugu kwa kiwiko, nikatia, nikaona sasa nina uji mzito unaonukia siagi na mayai, nikamuuliza sasa tunamimina kwenye chombo cha keki?

"Hapana. Kanda dakika 10."

Nilisimama. Maana kitu kimoja nilikuwa nimekishika kichwani tangu asubuhi, kwamba keki ukishatia unga usiikoroge sana. Protini za unga zikikutana na maji na kusuguliwa zinatengeneza gluteni, nyuzinyuzi zinazovutika, na hizo kwenye mkate unazitafuta kwa jasho lakini kwenye keki unazikimbia, keki iliyokorogwa kupita kiasi inatafunwa mpaka taya lichoke. Nikamwambia rudia kusoma. Akarudia. "Kanda dakika 10 mpaka donge liwe nyororo, ukilivuta lisikatike."

Keki, inavutwa, isikatike. Sawa.

Yule uji haukandiki. Nilipoweka mikono ndani ukanishika mpaka kwenye viwiko, mkono wa kulia ukienda kuuokoa wa kushoto nao unakamatwa, ikabidi mdogo wangu aje kunimwagia unga kwa juu, naye akanaswa, simu sasa tunaisogeza kwa pua. Pua yangu, maana ya kwake haikufika. Tuliongeza unga, tukaongeza tena, mpaka mfuko ukabaki unapepea, ndo likatoka donge moja kubwa la njano, linang'aa, zito. Kusema ukweli lilikuwa zuri kwa sura. Nikalikanda dakika zangu 10 kwa saa ya ukutani, tukalitia kwenye beseni jekundu la mama la plastiki, tukafunika na kitambaa chake cha kufutia vyombo, kile kizuri ambacho hakifuti vyombo.

"Acha mahali penye joto saa 1 mpaka liongezeke mara mbili."

Saa moja ikapita donge limekaa vilevile linatuangalia. Hii nayo ina sababu yake nilikuja kuambiwa, sukari nyingi inanyang'anya hamira maji na siagi nyingi nayo inaichelewesha, ndo maana mikate mitamu inaumuka polepole na inatiwa hamira zaidi, sasa sisi tulikuwa na mzigo wa sukari na siagi wa keki nzima ukibebwa na kijipakiti kimoja cha hamira. Lakini wakati ule mdogo wangu akatoa hukumu kwamba hapa tatizo ni joto halitoshi. Akatafuta, na safari hii akasoma kitu cha kweli kabisa, kwamba watu huweka donge ndani ya oveni iliyozimwa, unawasha taa ya ndani tu, ile taa peke yake inatoa joto zuri la kuumulia.

Tukafanya hivyo, beseni ndani, taa on, mlango ukafungwa, tukaenda sebuleni kupuliza maputo.

Shangazi akaingia kwa mlango wa nyuma. Kumbe naye ana saprais yake, kashika trei la biskuti zimeshakatwa zinasubiri moto tu.

"Shikamoo shangazi!"

"Marahaba wanangu. Oveni ina mtu?"

"Hamna mtu," akajibu mdogo wangu bila kuinua macho kwenye puto. Na ni kweli, mtu hakuwemo.

Shangazi ni mwokaji wa siku nyingi, hawezi kutia biskuti kwenye oveni baridi, akazungusha nyuzi 180, moto wa juu na wa chini, akaja kukaa na sisi. Kile kioo cha oveni kimeshakuwa kahawia hakionyeshi kitu, na ile taa inayowaka ndani yeye aliichukulia ni oveni imepokea amri.

Harufu ya kwanza ilikuwa ya siagi na hamira, tamu sana, mdogo wangu akachungulia simu akasema eti hapa wameandika "jikoni kutajaa harufu nzuri". Dakika chache mbele ikaja harufu ya pili ambayo hawakuiandika.

Plastiki nyingi za mabeseni ya jikoni ni polipropilini, na hiyo inayeyuka kwenye nyuzi 160 hivi. Kwa hiyo hata shangazi angekuwa na moyo wa huruma akaweka moto mdogo kidogo bado beseni lilikuwa halina maisha. Tulipofungua mlango moshi ukatutangulia kutoka, kisha tukaliona, limeshapenya katikati ya nyaya za waya, limening'inia kichwa chini kama popo, mekundu yanadondoka mpaka sakafu ya oveni, kitambaa cha mama kimegeuka kahawia kwenye ncha. Na donge! Donge jamani lilikuwa limeumuka! Saa nzima limegoma, lilipopata joto likaamka likajaa likavuka ukingo wa beseni, yani hamira ilifanya kazi yake yote kwa mara moja ndo ikaungua.

Mi nikapeleka mkono kutaka kuvuta, shangazi akanipiga kofi la mkono. "Usiguse! Zima, funga mlango, fungua madirisha, tokeni wote nje, msivute huo moshi." Na maji pia akakataza. Tukakaa uani na maputo yetu mpaka oveni ikapoa kabisa, maana plastiki ikiwa bado ya moto ukiikwangua unaipaka tu, ikishakuwa baridi inakuwa ngumu na inabanduka vipande vipande. Kuna ujanja wa kutia ule waya kwenye friza plastiki ipasuke yenyewe, ila waya wetu ulikuwa mpana friza ikaukataa, tukakwangua kwa mwiko wa mbao huku shangazi anasimamia.

Katikati ya kukwangua akaona kitu cha njano kimeshikana na kitu chekundu, akauliza hii ilikuwa nini.

"Keki," nikasema.

Akaibonyeza. Akaivuta. Haikukatika. Akaomba simu, akarudisha nyuma ukurasa kwa ukurasa, mkate laini wa nyumbani, godoro, godoro, keki. Akatuangalia mmoja mmoja.

"Mlikanda keki?"

Hatukujibu. Shangazi akakaa chini pale pale sakafuni, akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamvuka, na alipotulia tukasikia geti.

Mama kaingia, kapita maputo hakuyaona, kapita bango la pongezi hakulisoma, kafika jikoni kasimama.

"Beseni langu jekundu liko wapi?"

"Liko kwenye oveni mama," akasema mdogo wangu.

"Linafanya nini kwenye oveni?"

"Lilikuwa linaumuka."

Mama akamgeukia shangazi kutafuta mtu mzima, shangazi akainua mikono miwili juu, "Mi niliuliza kama kuna mtu wifi yangu, nikaambiwa hamna." Nikajaribu kuanzisha wimbo wa bethidei, hakuna aliyeitikia. Na mdogo wangu, simu bado anayo, anataka tumalize tulichoanza, akasoma kwa sauti kwamba hatua inayofuata, likishaongezeka mara mbili, linapigwa ngumi litoe hewa.

Mama akaweka mkoba chini taratibu, akauliza wamesema lipigwe lipi, hilo la kwenye oveni au hili linalosoma.