Mjomba anataka pikapu ya Marekani

Mjomba wangu wa Makambako, Tanzania, anataka nimtumie pikapu kutoka huku Minnesota, Marekani. Akiona picha zangu, milango minne, rangi inang'aa, ananipigia: "Sikia mjomba, hiyo ingenifaa kwa viazi." Yeye ana Hilux ya 1994, injini iitwayo 3L (ni jina tu, si lita tatu), dizeli ya lita 2.8 isiyo na turubo. Hajui kwamba mimi ndiye ninayemwonea wivu yeye.

Kwetu tumezoea kusema magari ya zamani yalikuwa chuma, ya siku hizi makopo. Nami niliimba hivyo hivyo mpaka nilipofika huku. Wakati wa baridi barabara zinamwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo inalila gari kuanzia chini. Pikapu yangu ya kwanza, ya 2003, injini ilikuwa nzima kabisa. Fundi akaipandisha juu, akaichoma chasisi kwa bisibisi, ikazama mpaka mpini. Asubuhi nilikuwa na gari, jioni nina chuma chakavu. Langu halikuwa Toyota, lakini hata Toyota, ambayo kwetu ni kama dini, haikupona: mwaka 2008 iliongeza dhamana ya kutu kwenye chasisi za Tacoma za 1995 hadi 2000 ikafika miaka 15, na zilizooza sana ikazinunua tena kwa wenyewe.

Kwa hiyo ile Hilux ya mjomba ingekuwa huku, ingeshazikwa zamani. Makambako kuna baridi, ila hakuna anayemwaga chumvi barabarani. Halafu, na hili ndilo kubwa, fundi wa pale stendi anaielewa. Pampu ya dizeli inazungushwa na injini yenyewe, hakuna kompyuta ya kuombwa ruhusa. Betri ikifa, vijana wanasukuma, gia ya pili, imewaka. Bamba la springi likikatika linapachikwa la gari jingine, safari inaendelea. Huku taa moja ikiwaka kwenye dashibodi, unalipia kwanza kuambiwa inasema nini.

Sisemi za sasa ni mbovu. Hilux za D-4D, yaani zenye injini mpya za dizeli za Toyota zinazoongozwa na kompyuta, zinavuta kuliko ya mjomba, na zenye mifuko ya hewa zinakupa nafasi ya kupona. Ile ya 1994 ikigonga mti, kinachokunjamana ni mjomba. Ila nozeli za D-4D, zile zinazonyunyizia dizeli ndani ya injini, zinataka dizeli safi, na dizeli ya kwenye madumu mara nyingi ina maji. Ikipita humo, andaa hela.

Sasa hizi za Marekani anazozitamani. Usukani uko kushoto. Nyingi zinakunywa petroli. Ford F-150 tangu ya 2015 ina bodi la alumini, halishiki kutu, jambo jema sana kwa Minnesota. Ila likibonyea kwa gunia la viazi, nani Makambako atachomelea alumini? Na spea ataagiza wapi, kwa kontena?

Nilimweleza yote hayo kwenye simu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza nozeli za 3L siku hizi zinauzwaje. Nimemtumia hela ya nozeli nne, na ya tairi mbili za nyuma.