Helios au Takumar: nyuma izunguke au itulie?

Mtu akiuliza anunue lenzi gani ya zamani ili nyuma ya sura kulainike vizuri, majina mawili hayakosi kutajwa: Helios 44-2 ya Kisovieti na Super-Takumar ya Kijapani. Zote mbili hulengwa kwa mkono, zote hufungwa kwenye kamera kwa skrubu ya M42 (yenye upana wa milimita 42), na zote zilikuwa lenzi za kawaida tu, zile zilizokuja na kamera ndani ya boksi. Hakuna aliyezitengeneza kwa ajili ya ukungu, yaani huko kufifia kwa vilivyo nyuma ya mtu. Tunachobishania leo ni tabia zilizobaki baada ya mhandisi kumaliza kazi yake na mhasibu kumaliza ya kwake.

Upande mmoja unasema ukungu mzuri ni wenye tabia: majani yanayozunguka kichwa cha mtu kama maji yanayoingia shimoni, kitu ambacho ukikiona unajua lenzi gani imepiga. Upande wa pili unasema ukungu mzuri ni ule usiouona. Ukiuona tu, umeshamnyang'anya mwenye sura picha yake. Neno lenyewe, boke, halituamulii. Ni la Kijapani, maana yake ni kufifia, na ile h ya mwisho tunayoiona likiandikwa bokeh iliongezwa mwaka 1997 na jarida la Marekani la Photo Techniques ili wasomaji wa Kiingereza wasikosee kulitamka. Halisemi kufifia vipi.

Helios yangu niliirithi. Baba mdogo alisoma Moscow, akarudi na Zenit-E yenye nembo ya Olimpiki ya 1980, na lenzi ikiwa mbele yake. Kwa ukoo lenzi hii ni ya Kijerumani: mama yake ni Biotar ya milimita 58 f/2 (namba ya f hupima tundu la kupitisha nuru: ikiwa ndogo, tundu ni pana), kazi ya Carl Zeiss wa Jena katika miaka ya 1930. Vita vilipokwisha Wasovieti walichukua michoro na mitambo, na kiwanda cha Krasnogorsk, nje kidogo ya Moscow, kikatoa ya kwake kwa mpangilio uleule wa vioo sita katika makundi manne. Zenit-E ilianza kutengenezwa 1965 na ikatoka kwa mamilioni, ndiyo maana Helios zipo tele mpaka leo.

Mzunguko wake una sababu mbili. Ya kwanza ni bomba la lenzi. Nukta ya nuru iliyo nje ya fokasi, yaani nje ya umbali uliolengwa, ikiwa katikati ya picha, huwa kisahani cha duara. Ikiwa pembeni, nuru yake huingia kwa upande, na kingo za bomba hukikata kisahani hicho huku na huku mpaka kinakuwa na umbo la jicho la paka. Macho hayo hujipanga kuzunguka kitovu cha picha, nasi tunaona upepo unavuma pale ambapo hakuna upepo. Ya pili ni kwamba uso wa fokasi wa Helios si bapa bali umepinda, hivyo pembeni kunafifia kwa namna tofauti na katikati. Ukifunga tundu mpaka f/4 macho ya paka hurudi kuwa duara, na uchawi umekwisha. Ukiifunga kwenye kamera yenye sensa (kile kinachopokea picha badala ya filamu) ndogo ya APS-C pia umepoteza sehemu kubwa ya mzunguko, kwa sababu sensa hiyo huacha nje pembe zilezile zinazouzaa. Hili wauzaji hawalitaji.

Na hata kwenye fulu fremu, yaani sensa yenye ukubwa wa filamu ya kawaida, mzunguko hauji kwa kuitwa. Unataka mtu akae mita moja na nusu hadi tatu kutoka kwako, na mita chache nyuma yake pawe na kitu chenye vitobo vingi vya nuru. Mwarobaini saa kumi na moja jioni hauna mpinzani: vijani vidogo, jua likipenya kila mahali. Migomba haifai, jani lake pana hubaki kuwa mchirizi wa kijani. Nimewahi kumpiga binamu yangu mbele ya ukuta wa chokaa nikitarajia maajabu ya Helios. Nilipata ukuta.

Takumar niliyo nayo ni ya milimita 55 f/1.8, ya kampuni ya Asahi, iliyouzwa na kamera za Pentax Spotmatic zilizoingia sokoni 1964. Ukiizungusha pete ya fokasi unaelewa mara moja kwa nini watu huisifu. Inakwenda kama kijiko ndani ya asali. Ukungu wake hauna mbwembwe. Kwa macho yangu, taa za nyuma hazipati ukingo mkali, na mpaka kati ya nywele na majani hauchafuki. Pembeni nayo ina macho ya paka, ila kidogo, na hayakusanyiki kuwa dhoruba. Toleo la SMC la kuanzia 1971 lilipewa upako wa tabaka saba wa kupunguza nuru inayoakisiwa ndani ya vioo, na mtu akisimama jua likiwa mgongoni mwake tofauti unaiona. Helios yangu hapo humwaga utusi wa kijivu juu ya picha nzima. Wapo wanaoupenda utusi huo, na hoja yao ina uzito: kwenye sura nyeusi iliyopigwa dhidi ya jua, hunyanyua vivuli. Mimi napenda weusi ubaki weusi, kisha nitumie karatasi nyeupe kurudisha nuru usoni.

Sasa kuna kosa ambalo pande zote mbili hulifanya, nalo ni kuamini kwamba namba ndogo ya f ndiyo ukungu mzuri. Namba hiyo hukupa wingi wa ukungu. Uzuri ni habari nyingine. Hata wingi wenyewe una hesabu rahisi: gawanya milimita za lenzi kwa namba ya f, upate upana wa tundu. Helios, 58 kwa 2, ni milimita 29. Takumar, 55 kwa 1.8, ni kama 30.6. Ukiijaza fremu kwa sura ileile, na huko nyuma kukiwa mbali, lenzi hizi mbili zinafifisha karibu sawasawa. Takumar ya 50 f/1.4, ambayo watu huikamulia mfuko, inafika kama 35.7, ni ongezeko, lakini si la kukukosesha usingizi. Lenzi ya 85 f/1.8 inafika 47. Kwa hiyo anayetaka wingi asihangaike na lenzi za kawaida, anunue ya 85. Asiye na fedha ya hiyo amsogeze mtu mbele hatua tatu kutoka kwenye ukuta. Hatua ni bure.

Uzuri unategemea zaidi jinsi mhandisi alivyosahihisha nuru inayopita ukingoni mwa vioo. Akisahihisha kupita kiasi, kila kisahani cha nuru nyuma ya mtu hupata pete angavu ukingoni, kama povu la sabuni. Akisahihisha pungufu, kisahani hung'aa katikati na kuyeyuka taratibu kuelekea nje. Nyuma kunalainika, ingawa vilivyo mbele ya fokasi huwa vikali zaidi. Pentacon ya 50 f/1.8 ya Ujerumani Mashariki, mtoto wa Oreston ya Meyer-Optik wa Görlitz, ina tabia ya pete hizo. Inalenga mpaka sentimita 33, karibu kuliko Helios yenye 50 na Takumar yenye 45, kwa hiyo kwa maua ni tamu. Kwa sura ya mtu mbele ya vichaka, pete mia moja ni kelele.

Nisionekane nimeinunua Takumar kwa mdomo, niseme kasoro zake. Tundu lake hufungwa na vipande sita, hivyo ukifika f/4 visahani vinakuwa na pembe sita; Helios 44-2 ina vipande vinane, na pete yake ya tundu huzunguka laini bila kugota kwenye vituo, jambo ambalo wapiga video hulipenda. Baadhi ya Takumar, hasa ile ya f/1.4 yenye vioo saba, zina kioo chenye thoriamu ambacho huwa cha manjano kadiri miaka inavyokwenda. Umanjano hupungua ukiiweka lenzi kwenye mwanga wa miali ya urujuanimno kwa siku kadhaa. Dirisha lenye jua hufaa pia, mradi usiielekeze mahali itakapochoma kitu, na isipate joto mpaka grisi ikatiririka kwenye vipande vya tundu.

Kuna pia upande wa tatu unaozicheka zote mbili: kwa nini usinunue 50 f/1.8 mpya inayojilenga yenyewe? Sina jibu la kumshinda mtu huyo kama anapiga harusi. Kwa umbali wa mita moja na nusu, tundu likiwa wazi kabisa, kina cha fokasi cha lenzi hizi ni kama sentimita 8, na bibi harusi akicheka ameshatoka ndani ya hizo 8. Lenzi ya mkono ni ya mtu aliyeketi, na ya mpigapicha asiye na haraka. Kamera zisizo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless) zimerahisisha mambo, maana unakuza picha kwenye kitafutio na kuona kope, na adapta ya kuiunganisha lenzi ni bomba tupu la bei ndogo. Wenye kamera za Nikon za kioo wawe waangalifu: M42 inataka milimita 45.46 kutoka lenzi hadi filamu, Nikon F ina 46.5, kwa hiyo bila kioo cha kusahihisha ndani ya adapta hutalenga mbali. Canon EF ina 44, inakubali.

Mwenye fulu fremu, miti karibu na subira, nitamwambia achukue Helios bila kusita. Wengine wote, Takumar ya 55. Ukikuta iliyoandikwa f/2 kwa bei ya chini, ni lenzi ileile iliyobanwa tundu, chukua. Kwetu pwani, kabla ya bei, omba kwanza kumulika tochi ndani ya vioo kutoka nyuma: nyuzi kama za buibui ni kuvu, na muuzaji akikuambia ni vumbi tu, mwachie vumbi lake.

Takumar haitoki kwenye kamera yangu. Helios inakaa ndani ya mkebe wa biskuti pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, na hutoka siku ninazokwenda kwa shangazi, ambako mwarobaini upo nyuma ya kibaraza.